Je, Wajua? Bolti Haikatiki, Bati Ndilo Linalochanika

Safari hii ukurasa huu unaingia ndani ya vani: Hiace, Caravan na ndugu zao, zinazogeuzwa kila siku gerejini kuwa gari la wagonjwa, duka la kutembea, karakana ya fundi umeme au gari la watalii. Rafu, viti, makabati na sakafu ya plaiwudi, vyote hivyo vinashikwa na bolti, skrubu, riveti au gundi. Na hapo ndipo kazi nzuri nyingi zinapoharibikia.

JE, WAJUA kwamba bati la ubavu wa vani ni jembamba kuliko uzi mmoja wa bolti? Kwa kawaida unene wake ni milimita 0.7 au 0.8. Bolti ya M6, ile inayofunguliwa kwa spana namba 10, hupanda milimita 1 kamili kila inapozunguka mara moja. Kwa hiyo ukitoboa bati na kukata uzi ndani ya tundu, hata mzunguko mmoja hautimii. Mafundi mitambo hutaka bolti ya chuma ishike ndani ya chuma kwa kina kisichopungua upana wake. Yaani M6 ipate milimita 6. Bati halifikishi hata 1.

JE, WAJUA bolti moja ya M8 yenye namba 8.8 kichwani huvumilia mvuto wa karibu tani 3 kabla ya kukatika? Hiyo inatosha kuning'iniza Hiace tupu, injini ikiwa ndani. Namba zenyewe zinasomeka hivi: 8 ya kwanza, mara 100, ni nguvu ya kukatika, niutoni 800 kwa kila milimita mraba, 8 ya pili inasema bolti itaanza kunyooka moja kwa moja ikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo. Bolti ya 10.9 inasomwa vivyo hivyo: 1,000, na asilimia 90. Fundi anayekwambia "nimekuwekea 12.9, hii haikatiki" anasema kweli, ila amejibu swali ambalo gari halikuuliza. Kitakachoachia ni bati. Katika ajali bolti huchomoka ikiwa nzima, imevaa shingoni kiduara cha bati ililolichana.

Basi kinachofaa kuulizwa dukani ni washa. Washa ya kawaida ya M6 ina kipenyo cha milimita 12. Ile pana ina 18. Tofauti inaonekana ndogo, lakini eneo linalokandamiza bati linaongezeka karibu mara 3. Sasa chukua kipande cha chuma cha mraba, sentimita 5 kwa 5, unene wa milimita 3, ukitoboe katikati na kukiweka nyuma ya bati. Eneo linafika mara 30 ya ile washa ya kwanza. Kipande hicho utakiokota bure kwenye mabaki ya mchomeleaji yeyote, na kinakupa usalama kuliko bolti ghali kuliko zote dukani. Kata pembe zake ziwe duara kwanza, maana pembe kali huanzisha ufa.

JE, WAJUA rafu ya kilo 30 huwa na uzito wa kilo 600 kwa kitambo kidogo cha ajali? Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likasimama ndani ya nusu mita, kila kilo iliyomo ndani huvuta kwenda mbele kwa nguvu ya kama kilo 20. Sanduku la spana la kilo 10 linakuwa 200. Ukiipanga rafu yako, usiikadirie kwa kuitikisa kwa mkono.

Kwa viti, mataifa yanayofuata kanuni za magari za Umoja wa Mataifa yana kipimo kilichoandikwa. Kanuni namba 14 inataka ushikizo wa mkanda katika gari dogo la abiria uvutwe kwa niutoni 13,500, zaidi ya kilo 1,300, bila kung'oka. Mkanda ukiwa umefungwa kwenye kiti chenyewe, huongezwa mvuto wa mara 20 ya uzito wa kiti. Jaribio hilo hufanyiwa kiti na mahali kilipofungwa, vyote pamoja. Mtu anayenunua kiti kizuri cha gari lililovunjwa na kukifunga kwa skrubu 4 za mabati kwenye sakafu ya vani amenunua kiti tu. Usalama wake ulibaki katika lile gari kuukuu.

JE, WAJUA Kenya ilipolazimisha mikanda ndani ya matatu, kazi kubwa ilikuwa sakafuni? Kanuni za waziri John Michuki za 2003, zilizoanza kusimamiwa Februari 2004, zilitaka kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mkanda katika kila kiti. Mkanda wenyewe ni utepe unaoshonwa siku moja. Ugumu ni kupata chuma cha kuufungia katika gari ambalo kiwandani lilikusudiwa kubeba mizigo.

JE, WAJUA bolti ya mkanda haifanani na bolti nyingine ndani ya gari? Magari mengi duniani, hata ya Kijapani ambayo kila kitu chake ni milimita, hutumia hapo bolti ya inchi: upana 7/16 ya inchi, nyuzi 20 kwa kila inchi. Uzi wa aina hiyo umetokana na mapatano ya 1948 kati ya Marekani, Uingereza na Kanada, baada ya vita kuwafundisha kwamba bolti za mmoja haziingii kwenye nati za mwingine.

Hapa pana hatari inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Inchi 7/16 ni milimita 11.1. Fundi aliyepoteza bolti ya asili hupapasa kwenye kopo lake akapata M10 ya uzi mwembamba. Anaijaribu, inaingia. Inazunguka vizuri kabisa, kwa sababu uzi wake hupanda milimita 1.25 na ule wa inchi hupanda 1.27, tofauti ambayo vidole havihisi. Lakini bolti ni nyembamba kuliko tundu kwa zaidi ya milimita 1, na vilele vya nyuzi vinagusana kwa upana wa unywele tu. Itakaza kidogo, abiria atavaa mkanda, na siku ya siku itachomoka bila hata kukwaruza. Ukiona bolti ya mkanda inaingia kwa kucheza-cheza, iondoe na utafute ya inchi. Magereji yanayovunja magari huwa nazo tele.

Uzi mwingine unaosumbua ni wa M10 yenyewe. Magari ya Kijapani hupenda M10 inayopanda milimita 1.25. Ile inayouzwa kwa wingi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hupanda 1.5. Inaingia mizunguko miwili, inagoma, fundi anaongeza nguvu, na nati iliyochomelewa kiwandani nyuma ya bati inaharibika au inang'oka. Nati hiyo iko ndani ya mbavu ya bodi, mahali ambapo mkono haufiki. Kanuni ni fupi: bolti ngeni iingie kwa vidole hadi mwisho kabla spana haijaguswa.

JE, WAJUA unaweza kutambua asili ya bolti kwa spana? M8 ya Kijapani mara nyingi ina kichwa cha namba 12, na M10 namba 14. M8 ya Ulaya ni namba 13. Ndiyo maana seti ya spana ya fundi wa Toyota ina 10, 12 na 14 zilizochakaa, na 13 inayong'aa.

JE, WAJUA si kila bisibisi ya nyota ni sawa? Skrubu za Henry Phillips wa Portland, Oregon, ziliingia kwenye magari 1936, General Motors ilipozitumia kwenye Cadillac. Wajapani wana kipimo chao cha nyota, kinachofanana nacho kwa macho lakini si kwa shimo. Bisibisi ya Phillips haifiki chini ya shimo la Kijapani, inaelea, kisha inakula kichwa. Skrubu nyingi za Kijapani zina nukta moja ndogo kichwani. Ukiiona nukta hiyo, tumia bisibisi ya Kijapani, na skrubu za plastiki za ndani ya Hiace zitatoka salama.

Skrubu nyeusi za jipsamu zisiingie garini kabisa. Zimekomazwa ziwe ngumu ili zipite haraka kwenye karatasi ya jipsamu, na ugumu huo umezifanya ziwe kavu: hazipindi, hukatika kichwa. Barabara ya vumbi yenye makorongo huzimaliza. Weusi wake nao ni kinga hafifu dhidi ya kutu. Watu huzipenda kwa sababu ni rahisi na zinauzwa kwa kilo.

JE, WAJUA skrubu inayojitobolea, ile yenye ncha ya drili, haijui pa kusimama? Ilitengenezwa kwa mapaa na mabanda. Kwenye sakafu ya vani, upande wa pili wa bati kuna mabomba ya breki, tangi la mafuta, kebo ya hendibreki na nyaya. Kabla ya tundu lolote la sakafuni, lala chini ya gari na tochi, weka alama kwa chaki. Kisha vika keekee kipande cha bomba kinachoacha ncha ya milimita chache tu nje. Dakika hizo tano zinastahili kufanywa kila mara, hata kwa fundi mkongwe.

Na ncha inayobaki imechomoza kwenye ubavu ndani ya mbavu tupu? Pale hupita waya wa taa za nyuma. Mtikisiko utausugua waya kwenye ncha hiyo mwaka mzima, hadi fyuzi zianze kukatika na hakuna ajuaye kwa nini.

JE, WAJUA nati ya riveti ilizaliwa kwa ajili ya ndege? Kampuni ya Kimarekani ya B.F. Goodrich, maarufu kwa matairi, iliibuni miaka ya 1930 ili kufunga kwenye mbawa vile viatu vya mpira vinavyovunja barafu. Tatizo lao lilikuwa lile lile la vani: bati jembamba, na nyuma yake hakuna nafasi ya mkono.

Itazame ikifanya kazi. Ni kimrija chenye ukosi mwembamba upande mmoja na uzi ndani upande wa mwisho. Kwa M6 kwa kawaida unatoboa milimita 9, kwa M8 milimita 11. Unakipachika hadi ukosi ulale juu ya bati. Kivutio, yaani kifaa cha kuvutia nati hiyo, kikianza kuvuta, sehemu isiyo na uzi, iliyo nyembamba kwa makusudi, hushindwa: inafura nyuma ya bati, inajikunja na kuwa ukosi wa pili. Sasa bati limebanwa pande mbili, na una uzi kamili wa chuma mahali ambapo hapakuwa na kitu. Asiye na kivutio anaweza kutumia bolti ndefu, nati na washa 2 zilizopakwa grisi: shika kichwa cha bolti kisizunguke, kaza nati iteremke. Kosa la kawaida ni tundu kubwa kupita kiasi. Ikilegea kidogo tu, nati itazunguka pamoja na bolti milele. Nunua zenye mikwaruzo ubavuni au zenye umbo la pembe sita, hasa kwa kitu kitakachofunguliwa mara kwa mara. Na kumbuka inakupa uzi, haikupi bati nene. Kiti cha abiria hakifungwi hapo.

Riveti za kawaida za kuvuta zina vipimo 3 unavyokutana navyo: milimita 3.2, 4.0 na 4.8. Tundu liwe kubwa kwa sehemu 1 ya kumi ya milimita tu. Riveti ya alumini hustahimili vizuri kukatwa kwa upande, lakini kuvutwa moja kwa moja haipendi. Basi iwekwe ubavuni, pale uzito unaponing'inia kuelekea chini, isiwekwe darini inapovutwa kutoka kwenye tundu lake. Ajabu ni kwamba mafundi wengi hufanya kinyume, dari kwa riveti na rafu kwa bolti.

JE, WAJUA washa ya springi haizuii nati kulegea? Najua sentensi hii itawaudhi wengi. Mwongozo wa NASA wa 1990 kuhusu bolti unaeleza sababu: bolti ikishakazwa sawasawa, springi imelala bapa na imekuwa washa ya kawaida. Kabla ya hapo, 1969, mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alikuwa ameonyesha kwa mashine kinacholegeza bolti hasa: vitu vilivyofungwa kuteleza kidogo kidogo kwa upande, kwenda na kurudi. Ndicho kinachofanyika ndani ya vani kwenye barabara ya matuta. Dawa yake ni kukaza vya kutosha ili visiteleze kabisa, na kutumia nati yenye pete ya nailoni. Nailoni hiyo huvumilia joto hadi nyuzi 120 hivi, kwa hiyo ndani ya gari haina shida. Ikianza kuingia kwa vidole vitupu, itupe.

Kuna pia gundi ya nati. Profesa wa kemia Vernon Krieble wa Chuo cha Trinity, Hartford, ndiye aliyeanzisha Loctite 1953. Gundi hiyo hukauka pale inapokosa hewa na kugusa chuma. Ndiyo sababu chupa yake ni ya plastiki inayopitisha hewa na haijazwi hadi juu. Anayedhani amepunjwa dukani hakupunjwa. Hewa iliyobaki ndiyo inayoilinda isigande. Ya buluu hufunguka kwa spana. Nyekundu hudai moto, na moto karibu na plaiwudi na sifongo la viti ni jambo la kuepuka.

JE, WAJUA sehemu 1 tu ya kumi ya nguvu yako kwenye spana ndiyo inayovuta bolti? Takriban nusu huliwa na msuguano chini ya kichwa, na karibu yote iliyobaki huliwa kwenye nyuzi. Kwa hiyo bolti iliyopakwa oili, ikikazwa kwa nguvu ile ile, hubana zaidi kuliko kavu, na inaweza kunyooka kabla hujajua.

Stenlesi inang'aa, lakini ile ya kawaida, A2-70, ni dhaifu kuliko 8.8. Pia stenlesi kwa stenlesi hupenda kung'ang'aniana katikati ya uzi hadi ukate kwa msumeno. Paka grisi, kaza polepole.

Kwa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, hesabu inabadilika. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, moja huliwa. Alumini ikikutana na chuma, inayoliwa ni alumini. Riveti ndogo ya alumini ndani ya bati kubwa la chuma huisha haraka, kwa sababu mkubwa anamla mdogo. Gari linalobeba samaki kwenye barafu huzalisha maji hayo kila safari, yanateremka sakafuni na kukaa chini ya plaiwudi. Humo tumia riveti na bolti za stenlesi kwenye chuma kilichopakwa rangi, na silikoni katika kila tundu.

Kila tundu ni jeraha kwa rangi ya kiwandani. Paka kingo zake rangi ya zinki au red-oksaidi kabla ya kuingiza kitu, kisha fyonza au fagia vumbi lote la chuma. Chembe zilizobaki hushika kutu kwa usiku mmoja wenye unyevu, na kutu hiyo huhamia kwenye bati.

JE, WAJUA zinki huchemka kabla chuma hakijayeyuka? Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na chuma huyeyuka karibu na 1,500. Ukichomelea mabano kwenye bati lenye zinki, kinga yote pale imegeuka moshi mweupe, na nyuma ya bati, ndani ya mbavu, hutaweza kupaka rangi tena. Moshi huo huleta homa: baridi, kiu, maumivu ya mwili, saa chache baada ya kazi. Vijana wetu wa gereji hunywa maziwa kujikinga. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni. Kinachowasaidia ni kukwangua zinki kwanza, kufanya kazi penye upepo, na barakoa ya mvuke wa metali. Na betri ifunguliwe kabla ya kuchomelea, la sivyo kompyuta ya gari italipa.

JE, WAJUA gundi ya polyurethani, ile inayoshika vioo vya mbele, hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa? Mombasa hukomaa haraka kuliko Dodoma wakati wa kiangazi. Ukiihesabu kwa uchoyo, niutoni 1 tu kwa milimita mraba, eneo la sentimita 10 kwa 10 linashika tani 1 ya mvuto wa upande. Udhaifu wake ni kubanduliwa kuanzia pembeni. Ndiyo maana wajenzi wa mabasi huipaka, kisha huweka riveti chache kwenye ncha.

Matundu yale yaliyo kwenye mbavu za vani hayakuachwa bure. Mengi ni ya kupitisha na kumwaga rangi bodi inapozamishwa kiwandani. Mengine yana nati nyuma. Yahesabu yote kabla hujashika keekee, huenda kazi nzima ikafungwa bila kutoboa hata tundu moja. Nguzo za milango ziache: katika magari mapya zina chuma kigumu kinachovunja drili, na juu yake huenda umelala mfuko wa hewa.

Mwisho, plaiwudi. Ikibanwa na bolti husinyaa polepole, na bolti iliyokazwa vizuri Jumatatu huwa imelegea baada ya wiki chache bila nati kuzunguka hata kidogo. Kata kipande cha bomba la chuma chenye urefu sawa na unene wa ubao, kipachike ndani ya tundu la ubao, upitishe bolti humo, uweke washa pana juu. Sasa kinachobanwa ni chuma kwa chuma, na ubao unashikwa tu. Kama bomba halipo, rudi na spana baada ya safari ndefu ya kwanza, ukaze tena.